Omani: Nchi Inayogawa Maji kwa Saa na Nyota

Jina la Omani si geni masikioni mwa watu wa mwambao. Kwa muda wa karne nyingi majahazi ya Maskati na Suri yalikuwa yakitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja, yakija na tende, chumvi na papa mkavu, na yakirudi kwao na boriti za mikoko. Shehena hiyo ya boriti peke yake yatosha kumwambia mtu jambo kubwa juu ya nchi ile: wenyeji wake walivuka bahari kuja kutafuta miti ya kuezekea nyumba, kwa sababu kwao miti mirefu iliyonyoka ilikuwa adimu. Mtu wa bara, aliyezoea mvua ya masika na ya vuli, akiitazama Omani katika ramani hana budi kujiuliza watu hao wameishije huko kwa maelfu ya miaka, tena si kwa kuhamahama tu na ngamia, bali kwa kujenga miji na kulima mashamba.

Nchi hiyo iko katika pembe ya mashariki na kusini ya Bara Arabu. Ukubwa wake ni kama maili za mraba 120,000, yaani zaidi kidogo ya nusu ya Kenya, na wakazi wake ni kama milioni 5 tu, na miongoni mwao wako wageni wengi waliofuata kazi. Kaskazini kabisa iko rasi ya Musandam, iliyotengwa na nchi nyingine kwa ardhi ya Falme za Kiarabu. Rasi hiyo hutazama mlango wa bahari wa Hormuz, ambamo meli za mafuta hupita. Kutoka huko safu ya milima ya Hajar huandama pwani kama upinde. Kati ya milima na bahari pana uwanda mwembamba uitwao Batinah, na nyuma ya milima ardhi hushuka polepole kuelekea Rub' al Khali, maana yake Robo Tupu, bahari ya mchanga ambayo Mzungu wa kwanza kuivuka, Bertram Thomas, aliivuka kutoka Salalah katika majira ya baridi ya mwaka 1930 na 1931. Alivuka akiongozwa na Mabedui, ambao kwao safari hiyo haikuwa ugunduzi.

Msomaji asidhani kuwa jangwa lote ni vilima vya mchanga, kama linavyochorwa katika vitabu vya watoto. Sehemu kubwa ya Omani ni uwanda wa changarawe na mawe, mgumu na wa rangi ya majivu, ambao gari huweza kwenda juu yake siku nzima bila kukuta kichaka cha kumfichia mbuzi. Mchanga ambao watu huufikiria uko katika mpaka wa magharibi na katika eneo la Sharqiya, ambako vilima vyake vimepangwa na upepo kwa mistari kutoka kusini kwenda kaskazini, vingine vikifikia urefu wa futi 300.

Sababu ya ukavu huo iko mbinguni. Hewa yenye joto hupanda juu ya nchi za Ikweta, na katika kupanda hupoa na kumwaga mvua yake. Ikiisha kumwaga husafiri juu sana kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka tena mahali panapokaribia mistari ya Kansa na Kaprikoni. Hewa inayoshuka huzidi kupata joto na kukauka, wala haiwezi kufanya mawingu. Mstari wa Kansa hupita kusini kidogo ya mji wa Maskati. Basi Maskati hupata kwa wastani inchi 4 za mvua kwa mwaka; hata Lodwar, ambayo Wakenya huitaja kuwa mfano wa ukame, hupata zaidi. Katika kiangazi joto la pwani hiyo ni la kuchosha roho, kwa kuwa huchanganyika na unyevu wa bahari na halipungui usiku. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Qurayyat, kipimajoto hakikushuka chini ya digrii 42.6 za Sentigredi kwa muda wa saa 24 nzima. Huo ndio ulikuwa wakati wa baridi zaidi wa siku hiyo.

Hata hivyo iko sehemu moja ya Omani ambayo mgeni akifikishwa kwayo mwezi wa Agosti, macho yakiwa yamefungwa, kisha akafunguliwa, angeapa kuwa yuko Limuru. Nayo ni milima ya Dhofar, kusini kabisa, kama maili 600 kutoka Maskati. Kutoka Juni hata Septemba vilima vinavyotazama mji wa Salalah hufunikwa na ukungu na manyunyu. Majani hufika kiunoni, ng'ombe hunenepa, na maji huteremka katika mabonde. Wenyeji huyaita majira hayo kharifu. Wakati huo huo Waarabu wa nchi za jirani, waliounguzwa na jua kwao, huja kwa maelfu ili wapate tu kuketi nje na kulowana.

Upepo unaofanya ajabu hiyo, watu wa mwambao wanaufahamu tangu utotoni: ni kusi. Ndio ule ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni, na ukipamba moto katika miezi ya Juni na Julai manahodha walikuwa wakifunga bahari. Kusi ukipita sambamba na pwani ya Dhofar huyasukuma maji ya juu ya bahari kwenda mbali na nchi kavu, na mahali pake hupanda maji ya baridi kutoka vilindini. Hewa yenye unyevu ikigusa maji hayo hupoa na kuwa ukungu. Ungepanda juu ukatawanyika, lakini juu yake imelala hewa ya moto itokayo jangwani, nayo huukandamiza kama kifuniko cha chungu. Hivyo ukungu hunaswa kati ya bahari na milima, na miti huuchuja kwa majani yake, maji yakadondoka chini tone kwa tone. Mahali penye miti ardhi hupata maji mengi kuliko mahali pasipo na miti, ingawa mbingu ni moja. Wenye mifugo wa Dhofar wameongeza sana ng'ombe na ngamia tangu nchi ilipopata fedha, na mahali ambapo mifugo imeila miti ikaisha, ukungu hupita bila kuacha kitu. Upande wa pili wa mlima, hatua chache kutoka kwenye majani, kijani hukatika ghafula na jangwa huanza. Hapo katika ukavu, karibu na unyevu lakini si ndani yake, huota mti wa ubani, ulioifanya Dhofar ijulikane tangu zama za Mafirauni.

Lakini Dhofar ni sehemu ndogo, na wakulima wengi wa Omani hawakupata kuuona ukungu huo. Riziki yao ilitoka katika milima ya Hajar. Kilele chake kirefu, Jabal Shams, kina karibu futi 9,900. Katika uwanda wa Saiq juu ya Jabal Akhdar, palipo juu kidogo kuliko Nakuru, baridi ya Januari huweza kugandisha maji, na wenyeji hupanda makomamanga, na mawaridi ambayo huchumwa alfajiri katika miezi ya Machi na Aprili ili kufanya marashi. Milima hiyo hupata inchi 12 au zaidi za mvua kwa mwaka. Si nyingi, mkulima wa Machakos angezilalamikia. Juu ya hayo haziji kwa taratibu, bali kwa ngurumo chache za ghafula, kisha miezi mitupu, na pengine mwaka mtupu. Maji hayo huzama katika nyufa za mawe na katika changarawe iliyo chini ya milima, na huko chini, mahali ambapo jua haliyafikii, ndiko yanakohifadhiwa.

Kuyatoa huko bila mashine ndiyo kazi iliyowapa Waomani nchi yao. Walichimba kisima kirefu chini ya mlima, futi 60 au 100 na zaidi, mpaka wakayakuta maji. Kutoka katika kisima hicho, kiitwacho mama wa mfereji, walichimba njia chini kwa chini kuelekea kijijini, wakiilaza kwa mteremko mdogo sana, mdogo kuliko mteremko wa ardhi iliyo juu. Kila baada ya hatua chache walitoboa shimo la kushukia, la kutolea udongo na kupitishia hewa. Baada ya maili kadhaa njia hiyo hutokeza juu ya ardhi yenyewe, na maji yakatoka yakitembea kwa uzito wake, usiku na mchana, bila ng'ombe wa kuvuta wala mtu wa kuteka. Mfereji wa namna hiyo huitwa falaj, na ikiwa mingi, aflaj. Iko mingine ambayo huchukua maji ya juu juu kutoka katika mabonde, na mingine kutoka katika chemchemi. Yote pamoja, inayotiririka hata leo ni kama 3,000, na mwaka 2006 mitano kati yake, mmojawapo falaj Daris wa Nizwa, iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Hadithi ya wenyeji yasema kwamba Nabii Suleimani bin Daudi alipita Omani juu ya upepo, akawahurumia watu wake, akawaamuru majini wachimbe mifereji elfu moja kila siku kwa siku kumi. Ndiyo maana falaj za chini ya ardhi huitwa daudi mpaka leo. Mtu aliyepata kuingia katika njia hizo, ambazo mahali pengine ni nyembamba kiasi cha kumlazimisha mtu mzima atambae, hatashangaa kwa nini kazi hiyo ilidhaniwa kuwa ya majini. Waliozirekebisha kwa mikono yao walikuwa binadamu, na katika hao kabila la Awamir lilisifiwa sana kwa ustadi wa kuchimba.

Kuna jina moja linalounganisha mifereji hiyo na historia ya Mombasa. Imamu Seif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi, ambaye majeshi yake yalitwaa Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno mwaka 1698, husimuliwa kwao kwanza kuwa ni mtu wa maji: yasemekana alichimba au kufufua aflaj 17 na kupanda mitende kwa maelfu. Alizikwa Rustaq, mji wa chini ya mlima. Watoto wa shule wa Kenya wamemsoma kama mshindi wa vita. Kwa mkulima wa Rustaq ile ngome ya ng'ambo ya bahari ni kitu kidogo kuliko mfereji.

Kuchimba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kugawa. Falaj si mali ya mtu mmoja wala si mali ya serikali. Ni ya wale wenye hisa ndani yake, na hisa hiyo si kiasi cha maji bali ni muda. Kipimo chake huitwa athar, ambacho ni nusu saa. Usiku na mchana una athar 48, na zamu huzunguka mashamba yote kwa siku saba, kumi, au zaidi kwa kadiri ya desturi ya kijiji. Mwenye athar mbili hupewa mfereji wote kwa saa moja. Saa ikiisha, mlango wa udongo huzibwa na maji yakaelekezwa kwa jirani. Athar hurithiwa, huuzwa, hukodishwa na hutolewa wakfu kwa msikiti au madrasa, mbali na shamba lenyewe. Mtu aweza kuwa na shamba asiwe na maji, na mwingine akawa na maji asiwe na shamba.

Zamani, kabla ya saa za mkononi, muda huo ulipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimamishwa mahali pa wazi, na mistari iliyochorwa chini. Usiku ulipimwa kwa nyota. Wazee walijua kila nyota ya zamu kwa jina, Kilimia ikiwa miongoni mwake, nao waliitazama ikichomoza juu ya mlima au ikizama nyuma ya ukuta fulani. Hapo ndipo jirani alipoamshwa aende akafungue maji yake. Kazi hiyo ina wakubwa wake, ambao majina yao hayahitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili. Yuko wakili, ambaye ndiye msimamizi wa wote; yuko amini, mtunza fedha; na siku ya kuuza athar za mfereji wenyewe, ili ipatikane fedha ya matengenezo, huja dalali akanadi. Wamarakwet wa bonde la Kerio, wanaogawa maji ya mifereji yao kwa koo na kwa zamu, wangeweza kuketi katika baraza hilo bila kujiona wageni.

Utaratibu wa matumizi nao hauvunjwi. Mahali maji yanapotokeza kwanza ni pa kuteka maji ya kunywa, wala haruhusiwi mtu kufua au kuoga juu ya hapo. Chini yake huja msikiti na mahali pa kuogea, na pa mwisho ni pa kuoshea maiti. Ndipo maji huingia mashambani. Huko mitende hutangulia. Mashamba ya ngano, vitunguu na majani ya ng'ombe yako mwisho, na mwaka wa ukame hayo ndiyo hunyimwa kwanza. Jambo hili halifanywi kwa upendeleo. Ngano ikifa hupandwa tena mvua ikirudi, bali mtende ukifa, mwenye kuupanda mwingine atangoja miaka mingi kabla ya kula tunda lake. Kwa hiyo idadi ya mitende ilikadiriwa tangu mwanzo kwa maji ya mwaka mbaya. Ukame ulipozidi hata mitende ikashindwa, watu walihama; wako waliopanda majahazi na kuja pwani ya Afrika, na wajukuu wa baadhi yao waliorudi tangu mwaka 1964 na baada ya 1970 ndio wanaokifanya Kiswahili kisikike mpaka leo katika masoko ya Maskati.

Nchi hiyo isiyo na mvua huuawa pia na mvua. Bonde lililokauka miaka mitatu hujaa kwa dakika chache, na maji huja na mawe na magari. Juni 2007 tufani ya Gonu ilipiga pwani, na mahali pengine milimani zikanyesha zaidi ya inchi 20. Watu wapatao 50 wakafa, na sehemu za Maskati zikakaa bila maji ya kunywa huku zimezama katika maji. Mei 2018 tufani ya Mekunu iliimwagia Salalah zaidi ya inchi 10 kwa siku moja, ambayo ni mara mbili ya mvua yake ya mwaka mzima. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliwachukua watoto wa shule waliokuwa garini.

Mafuriko hukumbukwa kwa sababu yana kishindo. Hasara nyingine ilikuja kimya, nayo ililetwa na chombo ambacho kila mkulima angependa kuwa nacho. Katika uwanda wa Batinah, ambako maji yalikuwa karibu na uso wa ardhi, wakulima walitumia visima vilivyovutwa na ng'ombe. Ng'ombe huchoka, na usiku hulala, kwa hiyo kisima hupumzika. Omani ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 fedha ilipoenea, mashine za dizeli, na baadaye za umeme, zilienea katika Batinah yote. Mashamba yakaongezeka, na kila aliyeona kisima chake kimeshuka alikichimba zaidi. Falaj haiwezi kutenda hivyo: maji yakishuka chini ya mdomo wake, hupungua yenyewe, na watu wote wakaona na kupunguza matumizi. Mashine huyafuata maji yanakokwenda. Sasa, karibu na pwani, maji matamu ya ardhini huyazuia maji ya bahari yasiingie. Yakipunguzwa, bahari husogea ndani chini ya ardhi bila mtu kuiona. Wenyeji wa Lamu, ambao maji yao hutoka katika mchanga wa Shela, wataielewa habari hii upesi. Katika Batinah ilijulikana kwanza katika ndimu, ambazo hazivumilii chumvi, majani yake yakaungua pembeni; kisha mtende wenyewe, unaostahimili mengi, ukaanza kudhoofika. Mashamba yaliyokuwa yakiilisha Maskati yameachwa, na mengine yamegeuzwa kuwa viwanja vya nyumba.

Serikali haikukaa tu. Mwaka 1985 lilijengwa bwawa la Al Khoud, ambalo kazi yake si kuweka maji juu bali kuyachelewesha, ili mafuriko ya bondeni yatue tope lake kisha yazame ardhini yaisukume bahari nyuma. Mabwawa mengine ya namna hiyo yalifuata. Mwaka 1988 amri ya Sultani Qaboos ilitangaza kuwa maji yote ni mali ya taifa. Visima vikaanza kuandikishwa, na ikakatazwa kuchimba kisima kipya karibu na mama wa falaj, katika umbali wa kama maili mbili. Maji ya kunywa ya miji sasa hutoka zaidi baharini, kwa mitambo inayotenga chumvi, ambayo wa kwanza ulianza kazi Ghubrah, Maskati, mwaka 1976. Mitambo hiyo yaweza kuwanywesha watu. Kunywesha mitende ni gharama nyingine, na ukulima ndio unaotumia zaidi ya asilimia 80 ya maji matamu ya nchi.

Huko Nizwa falaj Daris ungali unatiririka, na watoto huoga katika mkono wake uliojengewa kando ya bustani. Vijana wengi wana kazi Maskati na hurudi mwisho wa juma, kwa hiyo katika vijiji vingi wanaoshuka katika mashimo kuzibua njia ni vibarua kutoka India na Bangladesh. Saa ya mkononi imechukua mahali pa kivuli na nyota karibu kila pahali, ingawa wako wazee wanaoweza bado kutaja nyota za zamu zao kwa mpangilio. Athar huendelea kunadiwa na dalali, na bei yake hupanda mwaka ambao milima haikupata mvua.